Joto la Jana, Maji ya Leo

Mpishi yeyote aliyezoea jiko la mkaa anajua kwamba maharage hayafanani hata yakifanana. Chukua kilo mbili za maharage mekundu. Moja imetoka shambani Mbeya mwezi uliopita. Ya pili imelala mwaka mzima kwenye stoo ya bati jijini Dar es Salaam. Zilowekwe usiku mmoja, kwa maji ya bomba moja, zipikwe kwa moto unaolingana. Ya kwanza itaiva baada ya saa moja na nusu hivi. Ya pili itachemka mpaka mkaa uishe, na bado punje zitakuwa ngumu na mchuzi mwepesi kama ulivyoanza. Lawama huangukia mbegu, au maji ya kisima, au mpishi mwenyewe. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi kweli yanachangia, lakini chanzo kikubwa kiko kwenye ile stoo ya bati.

Watu wengi wanajua kwamba maji ya moto huingia kwenye vitu upesi kuliko maji baridi. Hiyo ni kweli, ila ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni joto ambalo kitu kilipitia kabla ya kukutana na maji: joto la ghala, la joko la mfinyanzi, la pipa la kiwandani. Joto hilo la awali ndilo huamua kama maji yatapata njia, na yakishaingia yatafanya nini. Jikoni, kwenye kabati la nguo na ukutani, habari hii inagusa mfuko wa mtu wa kawaida kuliko inavyodhaniwa.

Punje kavu ya maharage ina unyevu wa karibu asilimia 12 tu. Ngozi yake imebanana na ina utando mwembamba wa nta, kwa hiyo mwanzoni maji hayapiti popote yanapotaka. Mlango uko kwenye lile kovu dogo, mahali punje ilipokuwa imeshikana na ganda shambani, na kwenye kitundu kilicho kando ya kovu hilo. Anayetazama beseni kwa makini baada ya muda ataliona jambo hili kwa macho: ngozi inaanza kukunjamana upande wa kovu, kisha mikunjo inasambaa mpaka mgongoni. Ngozi imelowa na kutanuka kabla ya nyama ya ndani, ndiyo maana inajikunja. Saa kadhaa baadaye kiini nacho huvimba, kikainyoosha tena. Punje iliyoshiba huwa na uzito wa karibu mara mbili ya ule wa mwanzo.

Kwa maji ya nyuzijoto 25, kazi hiyo huchukua usiku mzima. Kwa maji ya nyuzijoto 60 huweza kumalizika kwa saa mbili au tatu. Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Mnato wake, yaani ule uzito wa kutiririka, hupungua kadiri yanavyopata moto. Kwenye nyuzijoto 60 ni chini ya nusu ya ulivyo kwenye nyuzijoto 20. Maji mepesi hupenya kwenye vitundu vyembamba kwa urahisi zaidi. Sababu ya pili ni punje: joto hulainisha kuta za seli na kuziruhusu kupanuka.

Tuirudie ile kilo ya stoo. Yapo maharage ya aina mbili yanayomsumbua mpishi, na mara nyingi huchanganywa. Aina ya kwanza haikubali maji kabisa. Ngozi imekauka mno, mlango umefungwa, na asubuhi punje hizo hukutwa chini ya beseni zikiwa ndogo na zinang'aa kama zilivyotoka gunia. Aina ya pili ndiyo yenye hila zaidi. Hunywa maji vizuri, huvimba, hudanganya macho, kisha hukataa kuiva. Hiyo ya pili hutokana na kuhifadhiwa kwa miezi mingi mahali penye joto la nyuzijoto 30 au zaidi na hewa yenye unyevunyevu, hali ambayo mwambao mzima unaijua kwa jina na sura.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Seli za maharage zimeshikanishwa na pektini, ambayo kazi yake kati ya seli na seli ni ileile ya udongo wa kujengea kati ya tofali na tofali. Maharage mapya yakipikwa, pektini huyeyuka, seli zikaachana, na punje ikawa laini. Ndani ya punje kuna pia fitati, ambayo hushikilia madini ya kalsiamu na magnesiamu. Ghala likiwa la moto na lenye unyevu, kimeng'enya kilichomo ndani ya punje huivunja fitati polepole, madini yale yanaachiliwa, yanahamia kwenye pektini na kuifunga. Pektini iliyofungwa hivyo haiyeyuki kirahisi hata kwenye maji yanayotokota. Punje imekunywa, lakini seli zake hazitaki kuachana.

Hapa ndipo magadi yanapoingia. Wapishi wa makande na githeri wamekuwa wakitia chembe ya magadi, yale yanayochotwa Ziwa Magadi nchini Kenya au Ziwa Natron upande wa Tanzania, na kemia inawaunga mkono: sodiamu iliyomo hukaa mahali pa kalsiamu kwenye pektini, na kifungo kinalegea. Kuloweka kwa maji yenye chumvi kidogo hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, ingawa kwa upole. Magadi yana gharama yake, maana huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, hivyo chembe inatosha na kijiko ni kingi.

Tahadhari mbili zinafaa kusemwa wazi. Maharage yaliyolowekwa kwa maji ya moto hayajapikwa. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huvunjika tu yakitokota kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi. Moto wa chini usiofikia kutokota hautoshi, hata kama punje zimelainika. Tena, beseni likiachwa usiku kucha kwenye jiko lenye joto, vijidudu hustawi ndani ya maji, na asubuhi povu na harufu ya uchachu hutoa taarifa. Mahali pa baridi ndani ya nyumba panafaa zaidi, na maji ya kulowekea yamwagwe.

Ukweli unaouma ni kwamba gharama ya ghala baya hailipwi na mwenye ghala. Hulipwa na mama anayenunua kilo moja moja sokoni, ambaye atachoma mkaa wa ziada kuivisha kitu kilichoharibika kabla hajakigusa. Kupandisha paa la stoo juu kidogo, kuacha dirisha la hewa na kuweka magunia juu ya chaga badala ya sakafuni ni mambo ya bei ndogo ukilinganisha na mkaa unaopotea kwenye majiko ya mtaa mzima.

Unga wa sembe una habari tofauti. Kwenye maji baridi punje za wanga hunywa kidogo tu, karibu theluthi moja ya uzito wake, na zikikaushwa hurudi zilivyokuwa. Ndiyo maana unga uliokorogwa kwa maji baridi huzama chini ya sufuria baada ya dakika chache, na juu yanabaki maji. Mambo hugeuka sufuria inapofika kati ya nyuzijoto 62 na 72. Hapo mpangilio wa ndani wa wanga wa mahindi huvunjika, punje hufunguka na kuvuta maji mara nyingi ya uzito wake, na mchanganyiko uliokuwa ukimwagika kama maziwa unaanza kuusukuma mwiko. Joto halikuharakisha tu kazi iliyokuwa ikiendelea. Limefungua uwezo ambao haukuwepo.

Kanuni ya mapishi imejengwa juu ya kizingiti hicho. Uji huanza kwa unga uliokorogwa kwa maji baridi, kila punje ikapata maji yake kabla ya moto. Atakayemwaga unga mkavu moja kwa moja kwenye maji yanayochemka atapata mabonge, kwa sababu tabaka la nje la kila donge huiva papo hapo, likawa gundi, na unga wa ndani ukabaki mkavu umefungiwa. Na ugali uliolala? Wanga ukipoa, molekuli zake hujipanga upya na kuyasukuma nje baadhi ya maji. Jokofu huharakisha jambo hilo, ndiyo maana kiporo cha kwenye friji huwa kigumu na chenye kuvunjikavunjika kuliko cha mezani, na mkate vilevile. Ukipashwa moto vizuri, sehemu ya ulaini hurudi.

Kwenye nguo, swali la kwanza si joto bali nyuzi zimetengenezwa kwa nini. Wataalamu wa vitambaa hupima unyevu ambao uzi mkavu huvuta kutoka hewani tu, kwenye nyuzijoto 20 na hewa yenye unyevu wa asilimia 65. Sufu ya kondoo huvuta karibu asilimia 16 ya uzito wake, pamba asilimia 8.5, poliesta asilimia 0.4. Tofauti kati ya pamba na poliesta ni zaidi ya mara 20, na inaeleza kwa nini dera la poliesta hubandika mgongoni mchana wa Januari ilhali kanga ya pamba inapokea jasho. Molekuli za selulosi, ambayo ndiyo pamba, zimejaa vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyoyashika maji. Poliesta haina vishikio hivyo kwa wingi. Jezi za mpira za poliesta hukausha mwili kwa njia nyingine: jasho halimo ndani ya uzi, linapita katikati ya nyuzi, linatandazwa kwenye eneo pana na kukauka upesi.

Hata hivyo selulosi peke yake haitoshi, na ushahidi uko juu ya msufi. Sufi inayojazwa kwenye mito na magodoro ya mwambao ni selulosi kwa sehemu kubwa, kama pamba, tena kwa jicho la haraka mtu anaweza kuzichanganya. Ukitupa kifundo cha sufi kwenye ndoo ya maji, kinaelea na kubaki kikavu. Kila uzi wa sufi ni bomba tupu lililojaa hewa, na nje yake kuna utando wa nta. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya plastiki zenye povu, sufi ndiyo iliyojazwa kwenye maboya ya kuvaa ya mabaharia sehemu nyingi za dunia. Mafuta, kwa upande mwingine, sufi huyanywa kwa pupa, kwa kuwa nta na mafuta hupatana.

Pamba nayo hutoka shambani na nta yake. Kifundo cha pamba kilichochumwa Simiyu au Shinyanga huelea juu ya maji kwa muda mrefu. Pamba ya hospitali, kwa viwango vya dawa, inapaswa kuzama ndani ya sekunde 10. Kati ya hizo mbili kuna pipa la kiwandani, ambamo pamba huchemshwa kwenye maji yenye magadi makali ya sodiamu mpaka nta ing'oke. Zao ni lilelile, selulosi ileile. Kilichobadilika ni moto na magadi. Kanga mpya inayosukuma maji na kukwaruza mwili ina kisa cha karibu na hicho, kwani imepakwa wanga ili isimame vizuri dukani, na baada ya kufuliwa mara kadhaa hulainika na kuanza kunywa. Taulo huenda kinyume: likisuuzwa kila mara kwa dawa ya kulainishia nguo, nyuzi zake hupata tabaka la mafuta na taulo hugeuka kuwa laini, zuri kwa mkono, lakini lisilokausha.

Vikundi vya akina mama wanaotengeneza batiki hutumia elimu hii kila siku. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa vizuri hupigwa mihuri ya nta iliyoyeyushwa. Nta ya mishumaa huyeyuka kwenye nyuzijoto 50 hadi 60 na kitu, na inapokuwa ya moto hupenya kati ya nyuzi mpaka upande wa pili. Ikipoa, imefunga njia. Kisha kitambaa huzamishwa kwenye rangi, na hapa joto ni adui: rangi lazima iwe ya baridi au vuguvugu kidogo, la sivyo nta italegea na maua yatavuja. Mahali nta ilipopasuka wakati wa kukunja kitambaa, rangi huingia na kuacha ile mishipa myembamba ambayo wateja huipenda. Mwisho kitambaa huchemshwa, nta ikaelea juu na kukusanywa itumike tena. Kazi yote ni kufunga na kufungua njia ya maji kwa kupandisha na kushusha moto.

Je, taulo likiloweshwa kwa maji ya moto hunywa maji mengi zaidi? Hapana, au tofauti ni ndogo sana. Mwaka 1921 mwanakemia Mmarekani Edward Washburn alichapisha hesabu ya namna kimiminika kinavyopanda kwenye vitundu vyembamba, na hesabu hiyo bado inatumika. Inaonyesha kwamba mwendo hutegemea upana wa kitundu, mvutano wa uso wa kimiminika na mnato wake. Maji yakipanda kutoka nyuzijoto 20 hadi 50, mvutano wa uso hupungua kwa asilimia 7 hivi, lakini mnato hupungua kwa karibu nusu. Matokeo yake ni kwamba maji hukimbia zaidi. Kiasi cha mwisho kinaamuliwa na nafasi iliyopo kati ya nyuzi, na nafasi hiyo haibadiliki sana kwa sababu maji ni ya moto. Pamba huharakishwa na joto. Wanga hugeuzwa na joto. Ni mambo mawili tofauti.

Nepi za kisasa zimeongeza jambo la tatu, chumvi. Chembe zilizomo ndani yake, poliakrilati ya sodiamu, huweza kunywa maji safi mara mamia ya uzito wake. Kwa mkojo, ambao una chumvi, uwezo huo hushuka hadi makumi tu.

Udongo nao una habari yake. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, karibu na Matema wilayani Kyela, wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanajulikana kwa vyungu vyao, ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa masoko mengi ya kusini. Chungu kilichofinyangwa na kukauka juani bado ni tope lililosinzia; kikimwagiwa maji, hubomoka na kurudi udongo. Moto ndio unaoibadilisha hali hiyo. Joto likikaribia nyuzijoto 600, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hufukuzwa, na tangu hapo udongo haurudi kuwa tope tena. Vyungu vinavyochomwa kwa kuni na nyasi mahali pa wazi hufikia kati ya nyuzijoto 600 na 900 hivi. Vinakuwa imara, lakini vimejaa vitundu visivyoonekana.

Kwa mtungi, vitundu hivyo ndiyo faida yake. Maji hupenya polepole hadi nje, mtungi huonekana umetoka jasho, na maji yale yakiyeyukia hewani huondoka na joto. Hesabu yake inashangaza. Kukausha kilo moja ya maji kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 2,400, wakati kupoza kilo moja kwa nyuzijoto moja ni kilojuli 4.2 tu. Mtungi wa lita 20 ukipoteza glasi moja ya mililita 200 kwa njia hiyo, joto lililoondoka linatosha kupoza maji yote kwa karibu nyuzijoto 6, kama mtungi umewekwa kivulini na joto la nje halirudishi kila kilichoondolewa. Dodoma, ambako hewa ni kavu, maji ya mtungi hupoa sana. Tanga, ambako hewa tayari imeshiba unyevu, mtungi uleule hupoza kidogo. Anayepaka mtungi rangi ya mafuta ili upendeze ameziba vitundu na kuumaliza.

Joto la joko likizidi, vitundu huanza kuziba. Madini yaliyomo kwenye udongo huyeyuka kiasi, yakawa kioo na kujaza nafasi. Bakuli za kaure, zinazochomwa kwa nyuzijoto 1,200 hadi 1,400, hunywa chini ya asilimia moja ya uzito wake. Katikati ya chungu na kaure ndipo lilipo tofali la kuchoma, na hapa wajenzi wa nyumba wanapaswa kufungua macho. Tanuri la mtaani, lile la kupanga matofali na kuyawashia kuni chini, haliivishi sawasawa. Ya katikati huiva. Ya nje hubaki mapauko, mepesi kubomoka, na hunywa mvua kama sponji. Yakigonganishwa, yaliyoiva hulia kwa sauti kali, mabichi hutoa mlio mzito uliokufa. Viwango vya India huruhusu tofali la kawaida kunywa hadi asilimia 20 ya uzito wake. Matofali bora ya kihandisi ya Uingereza yaliwekewa ukomo wa asilimia 4.5. Tofali la kilo tatu linalofikia ile asilimia 20 hubeba zaidi ya nusu lita ya maji, na ukuta mzima unayo maelfu.

Maabara hupima tofali kwa kulizamisha kwenye maji baridi saa 24, halafu kulichemsha saa tano. Uzito huongezeka tena baada ya kuchemsha, kwa kuwa baridi huacha hewa imenaswa ndani na mchemko huitoa. Fundi mwashi naye ana njia yake: humwagia matofali maji kabla ya kujenga. Si desturi tupu. Tofali kavu, hasa siku ya jua kali, hufyonza maji ya udongo wa saruji kabla saruji haijashika, na kiungo kikabaki unga unaokwanguliwa kwa kucha.

Marumaru za dukani zinafuata mantiki ileile. Viwango vya kimataifa huzipanga kwa kiasi cha maji zinachonywa: chini ya asilimia 0.5 ni zile ngumu za sakafu, zaidi ya asilimia 10 ni za ukutani. Mbele zote zinang'aa, kwa hiyo mbele hapasemi kitu. Mnunuzi ageuze kipande na kudondosha maji mgongoni. Tone likipotea ndani ya sekunde chache, marumaru hiyo ni ya ukuta wa bafu, si ya baraza inayokanyagwa na kunyeshewa.

Kuta za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vyote vikiwa vyenye vitundu. Unyevu unaopanda kutoka chini hupita na kutokea nje kwa uso wa chokaa. Ukuta wa namna hiyo ukipigwa plasta ngumu ya saruji, unyevu hukosa njia, hujikusanya nyuma ya plasta, na plasta huvimba na kubanduka vipande vipande. Wanaotengeneza nyumba hizi waachiwe chokaa. Saruji inaonekana imara siku ya kwanza tu. Nyumba mpya za pwani zina ugonjwa wao, mabaka yanayolowa masika na kukauka kiangazi hata pasipo na bomba linalovuja. Mara nyingi aliyeyaleta ni mchanga wa ufukweni. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa maji ya hewani tu, unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, kiwango ambacho Mombasa na Dar es Salaam hukipita mara kwa mara. Ukuta uliochanganywa na chumvi utalowa kila msimu, na rangi ghali haitausaidia.

Mbao nazo hunywa, kwa upendeleo. Mpaka unyevu wake ufike karibu asilimia 30 huvimba, lakini si pande zote sawa. Kwa urefu hazibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana hutanuka sana. Ubao wa sentimita 20 unaoongeza unyevu kwa asilimia 6 tu unaweza kupanuka kwa milimita 3, na mbao nne zilizounganishwa kwenye mlango zikapita sentimita moja. Ndiyo maana mlango hukwama ubavuni wakati wa masika, wala si juu. Mninga umepata sifa kwa maseremala kwa sababu hautanuki wala kusinyaa sana. Mbao za unga ulioshindiliwa, zile za makabati ya bei nafuu, zikilowa huvimba na hazirudi tena.

Waunda majahazi wamegeuza kuvimba huko kuwa msaada. Viungo vya mbao huzibwa kwa kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta, na chombo kikishushwa majini baada ya kukaa juani pwani huvuja mwanzoni. Mbao zikinywa, zinabanana na kuvuja hupungua.

Kwa mpingo, mambo ni magumu zaidi. Mti huu unaokua polepole kwenye misitu ya Kilwa na Lindi una mbao nzito kiasi kwamba huzama majini, na maji huuingia kwa shida. Kwa sababu hiyo hutengenezewa klarineti na zumari za okestra za Ulaya na Marekani. Lakini hata mpingo hunywa. Mchezaji akiingia kutoka kwenye baridi ya nje na kupuliza mara moja, pumzi yake yenye joto na unyevu huvimbisha mbao upande wa ndani wa bomba wakati upande wa nje ungali baridi na mkavu, na bomba hupasuka kwa urefu. Ndiyo maana mwenye klarineti mpya huelekezwa kuicheza kwa muda mfupi mfupi kila siku kwa wiki za mwanzo, kuipasha kwa viganja kabla ya kupuliza, na kupitisha kitambaa cha kunywa maji ndani yake kila anapomaliza. Kitambaa hicho huwa cha hariri au cha pamba iliyofuliwa vizuri.